Mjadala: Matajiri wakubwa walipe kodi ya mali zao kugharamia tabianchi na huduma za jamii. Tanzania ianzie wapi?

Mtoa mada

Wakuu, heshima kwenu. Hoja yangu ni hii: Tanzania inatoza jasho kuliko inavyotoza mali, na pengo hilo ndilo lingelipia mitaro, zahanati na bima ya afya ambazo kila mwaka tunaambiwa fedha hazitoshi.

Tazameni viwango vyenyewe. Mwajiriwa akivuka mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, kila shilingi ya juu inakatwa asilimia 30. Hapo ndipo kileleni. Anayelipwa 1,200,000 na anayelipwa 60,000,000 wanakatwa kiwango kimoja kwenye shilingi ya mwisho. Mwenye hisa za kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam anapokea gawio likiwa limekatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, basi, amemaliza. Akiuza hisa hizo, mradi hamiliki robo ya kampuni au zaidi, faida yake haitozwi. Akifariki, watoto wanarithi bila kodi ya mirathi kwa sababu hatuna kodi hiyo.

Duniani suala hili limefika mbali. Mwaka 2024 Brazil ilipokuwa mwenyekiti wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, ilimwomba mchumi Mfaransa Gabriel Zucman aandae pendekezo. Alichoandika ni kwamba kila mwenye utajiri wa kuanzia dola bilioni 1 alipe kila mwaka kodi isiyopungua asilimia 2 ya utajiri huo. Hesabu zake zinaonyesha mabilionea kama 3,000 wangeleta kati ya dola bilioni 200 na 250 kwa mwaka. Kodi hii inajazia pungufu tu. Unachukua kodi za mapato alizokwisha kulipa, unazilinganisha na asilimia 2 ya mali yake, kisha anaongeza kilichopungua. Mwenye dola bilioni 1 aliyelipa milioni 3 anaongeza milioni 17. Na hiyo milioni 3 ndiyo hali halisi, kwa kuwa ripoti inakadiria mabilionea hulipa takriban asilimia 0.3 ya utajiri wao kwa mwaka. Novemba 2024 viongozi wa G20 wakiwa Rio de Janeiro waliandika kwenye tamko lao kwamba watashirikiana ili watu wenye utajiri mkubwa sana watozwe ipasavyo, kila nchi ikibaki na mamlaka yake ya kodi. Hawakukubaliana kiwango.

Napendekeza Tanzania iweke kodi ya asilimia 1 kwa mwaka kwenye mali halisi, yaani mali zote ukitoa madeni, kwa kiasi kinachozidi shilingi bilioni 5 kwa mtu. Nusu iende kwenye tabianchi, nusu kwenye afya na elimu. Karibuni.

Mizania

Ndugu mtoa mada, nakubaliana na uchungu wako, ila hesabu ya gawio umeianzia katikati. Kampuni ikipata faida ya shilingi 100 inalipa kwanza 30, kodi ya makampuni. Zinabaki 70. Asilimia 5 ya 70 ni 3.5. Mwenye hisa amebeba 33.5 kwa jumla. Kampuni isiyoorodheshwa inakata zuio la asilimia 10, kwa hiyo ni 37. Hapo hakuna anayetozwa kidogo kuliko mwajiriwa.

La pili ni ukubwa wa kapu. Kwenye orodha ya Forbes Tanzania ina bilionea wa dola mmoja tu, mwenye kama dola bilioni 2. Asilimia 2 yake ni dola milioni 40. Kwa shilingi 2,500 kwa dola ni shilingi bilioni 100. Bajeti ya 2025/26 ni shilingi trilioni 56.49. Umepata asilimia 0.18 ya bajeti.

Ndiyo maana umeshusha kizingiti hadi bilioni 5, na hapo ndipo tatizo linaanza. Kwa bilioni 5 humgusi bilionea peke yake. Unamgusa mwenye malori 80 yanayokwenda Kongo kupitia Tunduma. Malori hayo kwa milioni 130 kila moja ni bilioni 10.4. Kama hana deni, asilimia 1 ya kinachozidi ni shilingi milioni 54, na inadaiwa hata mwaka ambao mpaka umefungwa na magari yamelala. Kodi ya mapato inapungua biashara ikiyumba. Kodi ya mali haijui kwamba mwaka ulikuwa mbaya.

Na mkumbuke historia. Mwaka 1990 nchi 12 za OECD, ule umoja ambao wanachama wake wengi ni nchi tajiri, zilikuwa na kodi ya utajiri halisi wa mtu. Ilipofika 2017 zilibaki nne: Ufaransa, Norway, Hispania na Uswisi. Mwaka uliofuata Ufaransa nayo ikaifuta ile ya zamani. Zilizoacha zilikuwa na mamlaka za kodi zenye uwezo kuliko TRA, Mamlaka ya Mapato yetu.

Mtoa mada

Mizania, 33.5 yako inasimama kama faida imetangazwa yote na gawio limetolewa. Mwenye kampuni mkubwa hana haja ya gawio. Anaiacha sehemu kubwa ya faida ndani, thamani ya hisa inapanda, akitaka fedha anakopa benki kwa dhamana ya hisa hizo. Mkopo si mapato, hautozwi. Riba anailipa kwa mkopo mwingine. Mwajiriwa wa milioni moja na laki mbili hana mlango huo.

Kuhusu Ufaransa, angalia kilichoiua kodi yao. Ile kodi ya zamani ilisamehe mali za kazi: ukiwa unaongoza kampuni na una sehemu kubwa ya hisa zake, hisa hizo hazihesabiwi. Matokeo yake mwenye kampuni kubwa kabisa alikuwa nje, na daktari mstaafu mwenye nyumba mbili Paris alikuwa ndani. Mwaka 2018 ikabadilishwa ikawa ya majengo na ardhi tu. Pendekezo la Zucman kwa Ufaransa linaanzia euro milioni 100 na halina msamaha hata mmoja. Bunge lao la chini lilipitisha Februari 2025, Seneti ikakataa Juni, na Oktoba mwaka huohuo bunge la chini lenyewe likaikataa kwenye bajeti. Ubishi ulikuwa juu ya wenye kampuni changa ambazo thamani yake ni kubwa kwenye karatasi lakini hazijapata faida. Zucman alijibu kwamba walipe kwa hisa.

Kwa hiyo somo ninalolipata ni kwamba kila msamaha unaoandikwa kumlinda mwenye malori hutumiwa kwanza na mwenye kampuni kubwa.

Mthamini

Wakuu, kabla hamjafika kwenye hisa na malori, kuna mali isiyohama, isiyofichika, na tayari ina kodi yake: jengo. Kodi hiyo ndiyo iliyopinda kuliko zote mlizotaja.

Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, yaani mtu anaponunua umeme wa kulipia kabla. Viwango vilivyopandishwa 2023 ni shilingi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, yaani 1,500 kila mwezi, na shilingi 90,000 kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa mijini, yaani 7,500 kwa mwezi. Thamani ya jengo haimo popote kwenye hesabu hiyo.

Chukueni nyumba mbili zisizo na ghorofa. Ya kwanza iko Mbagala, kwa jumla ina thamani ya shilingi milioni 40. Ya pili iko Masaki: jengo la mita za mraba 400, gharama ya kulijenga upya tuseme shilingi 1,200,000 kwa mita, hiyo ni milioni 480, toa asilimia 20 ya uchakavu, zinabaki milioni 384. Kiwanja ni mita za mraba 2,000, tuseme kwa shilingi milioni 1 kwa mita, hiyo ni bilioni 2. Jumla bilioni 2.384. Zote mbili zinakatwa 18,000. Mbagala analipa asilimia 0.045 ya thamani ya nyumba yake. Masaki analipa asilimia 0.00076. Mwenye nyumba ya Mbagala anabeba karibu mara 60 ya mwenzake kwa kila shilingi ya mali.

Jengo la biashara la sakafu 10 lenye thamani ya bilioni 15 linadaiwa 900,000 kwa mwaka, asilimia 0.006. Nalo liko chini ya Mbagala.

Kinachoharibika kila siku kwenye mfumo huu ni kwamba mita ya umeme si jengo. Nyumba moja yenye mita tatu imewahi kukatwa mara tatu hadi mwenyewe aende TRA kuziunganisha. Kiwanja kitupu hakina mita, kwa hiyo mtu anaweza kukalia ekari mbili Msasani zikipanda bei bila kuguswa na kodi hii. Majengo makubwa yanayoletewa bili ya umeme mwishoni mwa mwezi yanabidi yafuatiliwe nje ya LUKU. Na aliyeshika tokeni ndiye anayelipa. Anayetakiwa kulipa ni mwenye nyumba, na mpangaji arudishiwe kwa kupunguza kodi ya pango, lakini mpangaji wa chumba kimoja Tandika hana ubavu wa kumwambia mwenye nyumba apunguze 1,500.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mara nyingi halisemwi. Sheria yetu ya kodi ya majengo inatoza jengo, haitozi kiwanja. Kwenye mfano wa Masaki, bilioni 2 kati ya 2.384 ni kiwanja. Ukirudisha kodi ya thamani kwenye jengo peke yake, umeikosa sehemu nono. Ardhi ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Mtu anamiliki haki ya kuitumia. Kwa hiyo chombo cha kutoza kiwanja ni kodi ya pango la ardhi, ile inayolipwa Wizara ya Ardhi kwa mita ya mraba kulingana na eneo na matumizi. Na Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 33, inamtaka Waziri anapopanga pango azingatie pia thamani ya ardhi. Mlango uko wazi tayari.

Ningefanya hivi. Jengo: milioni 100 za kwanza zisitozwe kabisa, hivyo Mbagala inatoka; kinachozidi kitozwe asilimia 0.2. Masaki inalipa 568,000. Kiwanja: milioni 500 za kwanza zibaki kwenye pango la sasa, kinachozidi asilimia 0.3. Masaki inaongeza milioni 4.5. Jumla milioni 5.07 kwa mwaka badala ya 18,000. Kwa mtu mwenye mali ya bilioni 2.4 hiyo ni asilimia 0.21. Hakuna atakayehama nchi kwa asilimia 0.21, na akihama kiwanja kinabaki.

Mizania

Mthamini, hapo umenigusa. Swali ni gharama ya uthamini. Ukituma mthamini kila nyumba Dar es Salaam, ada zitakula makusanyo ya miaka miwili. Uthamini wa majengo ulijaribiwa na halmashauri, ukasuasua, mwisho tukaishia kwenye kiwango cha mkupuo.

Mthamini

Ulisuasua kwa sababu ulifanywa nyumba kwa nyumba, kwa ripoti kamili kama ya kuombea mkopo benki. Kodi haihitaji ripoti ya kurasa 20. Inahitaji vitu vitano tu: ukubwa wa jengo ukipimwa juu ya paa kwa picha za anga, idadi ya sakafu, aina ya ujenzi kwa makundi manne au matano, umri, na kanda ya bei ya ardhi. Bei za kanda hatuanzi sifuri. Chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, Mthamini Mkuu wa Serikali huandaa viwango vya bei ya ardhi kwa maeneo, vinavyotumika kwenye fidia. Serikali inapomlipa mtu fidia apishe barabara inajua bei ya mita ya mraba ya mtaa wake. Ijue bei hiyo hiyo inapokusanya.

Halafu huanzi na jiji zima. Unaanza na kanda zenye bei ya juu: Masaki, Oysterbay, Upanga, katikati ya jiji, Kariakoo, Mikocheni, Mbezi Beach, Arusha na Dodoma unachukua maeneo yao ya namna hiyo. Kizingiti cha milioni 100 kinakuondolea nyumba nyingi kabisa, hazihitaji hata kuguswa.

Makosa yatakuwepo, ya asilimia 10 hadi 20 kwa nyumba mojamoja, ndiyo maana unakata thamani kidogo makusudi: tumia asilimia 80 ya thamani uliyokadiria. Asiyekubali apewe siku 60 za kupinga, alete ripoti ya mthamini aliyesajiliwa kwa gharama yake. Kisichofaa ni kuacha thamani ilale miaka 20 kisha kuipandisha usiku mmoja.

Ushuru_Nairobi

Hilo la thamani kulala, ndugu zangu wa Tanzania, tulieni mjifunze kutoka kwetu. Nairobi ilikuwa ikitoza ada ya ardhi kwa daftari la thamani la mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi juzi tu. Ili kufidia thamani iliyolala, jiji lilipandisha kiwango hadi asilimia 34 ya thamani hiyo ya kale. Kiwanja kilichoandikwa shilingi 100,000 za Kenya enzi hizo, leo kikiwa na bei ya milioni 100, kililipa 34,000. Walioumia ni wenye viwanja ambavyo bei haikupanda sana, walionufaika ni wa maeneo yaliyopaa. Daftari jipya lilipokuja likazua kelele kwa sababu mruko ulikuwa wa miongo minne kwa mkupuo. Wekeni sheria ya kusahihisha kila miaka mitatu na ukomo wa ongezeko kwa mwaka.

La pili ni juu ya vikomo. Mswada wa Fedha wa Kenya wa 2024, ule ulioondolewa baada ya maandamano ya Juni, ulikuwa na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani kila mwaka, isipungue 5,000 na isizidi 100,000. Fanya hesabu. Gari la 800,000 linalipa 20,000, asilimia 2.5 kamili. Gari la milioni 4 linalipa 100,000. Gari la milioni 30 nalo 100,000, yaani asilimia 0.33. Mstari mmoja wa kikomo uligeuza kodi ya mali kuwa kodi ya mwenye gari dogo. Wananchi waliusoma mswada, na mstari huo waliuona.

Tuliondoa kodi ya mirathi 1982. Kodi ya faida ya mtaji ilisimamishwa 1985, ikarudi 2015 kwa asilimia 5, ikapanda hadi 15 Januari 2023. Wakati huohuo mwenye mshahara wa 100,000 anakatwa 2,750 za bima ya afya ya jamii na 1,500 za nyumba, bila ukomo wa juu. Bima ya afya kwa wote imejengwa juu ya payslip.

Wakili_Dodoma

Niongeze upande wa sheria kwa kifupi.

Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa sheria ya Bunge au kwa utaratibu uliowekewa nguvu na sheria hiyo. Kodi ya utajiri ya mtoa mada inahitaji sheria mpya. Njia ya Mthamini kwa upande wa pango inaweza kwenda kwa notisi kwenye Gazeti la Serikali, kwa upande wa jengo inahitaji kifungu kwenye Sheria ya Fedha.

Kutenga fedha: ibara ya 135 inataka mapato yote ya Serikali yaingie Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa yale ambayo sheria imeyataja yatumike kwa shughuli maalumu. Kwa hiyo inawezekana kisheria. Tatizo ni mbinu moja ambayo Hazina yoyote duniani inaijua: mfuko mpya ukiingiza bilioni 80 za mitaro, bajeti ya kawaida ya mitaro inapunguzwa bilioni 80. Fedha zimetengwa kweli na mtaro haujaongezeka hata mita moja. Kinga yake ni kifungu kinachosema bajeti ya kawaida ya sekta hiyo isishuke chini ya wastani wa miaka mitatu iliyopita, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) akague hilo jambo kwa jina lake kila mwaka.

Na suala la majina. Kizingiti cha mtu mmoja kinavunjwa kwa kugawa hati: kiwanja kwa mke, kwa watoto watatu, kwa kampuni nne. Ndiyo maana jumla ihesabiwe kwa kuunganisha namba ya NIDA, namba ya mlipakodi na taarifa za wamiliki halisi wa kampuni walizotakiwa kuwasilisha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Bila kuunganisha hayo matatu, kodi ya matajiri inalipwa na tajiri asiye na wakili.

Mama Tabianchi

Wanangu, mmechambua vizuri kodi, naomba niwarudishe kwenye matumizi na kwenye nani anadaiwa.

Fedha za kuzalisha umeme wa jua mwekezaji ataleta, kwa kuwa anauza umeme. Mtaro hauuzi kitu. Daraja lililoinuliwa haliuzi kitu. Kuhimili tabianchi ni kazi isiyo na mapato, ndiyo maana inafanywa kwa kodi au kwa mkopo, na sisi tunaifanya kwa mkopo. Bonde la Msimbazi, pale Jangwani ambapo maji yamekuwa yakifunga barabara na kuingia hadi kwenye karakana ya mabasi yaendayo haraka, linarekebishwa kwa mradi wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 uliopitishwa 2022. Mvua za El Niño zilipoua watu 155, kwa taarifa aliyoitoa Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, bungeni Aprili 2024, na maji yakafunika mashamba Rufiji, nchi haikuwa na fungu la kukidhi ukubwa huo. Miezi minne kabla yake tope la Mlima Hanang liliua zaidi ya watu 80 Katesh.

Kwa hiyo mapato ya ndani ya Mthamini yaende huko, kwenye vitu visivyouzika. Na kwa kuwa yanatoka kwenye ardhi ya mjini, yabaki mjini kwa sehemu kubwa: mtaro ukizibuliwa Msasani bei ya kiwanja inapanda, mwenye kiwanja amelipia ongezeko lake mwenyewe.

Lakini msiuchukue mzigo wote. Mabadiliko haya hatukuyaanzisha sisi. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Baku, Novemba 2024, nchi tajiri ziliahidi kuongoza upatikanaji wa dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Mfuko wa hasara na uharibifu ulipozinduliwa Dubai 2023 uliahidiwa takriban dola milioni 700 tu. Pendekezo la Zucman la bilioni 200 hadi 250 linaonekana jibu, ila lina tundu ambalo watetezi wake hulipita haraka: kodi hiyo inakusanywa na nchi anapoishi tajiri. Marekani ina karibu theluthi ya mabilionea wa dunia. Fedha zitaingia Hazina ya Washington, na hakuna kifungu kinachozivusha hadi Kibiti. Na Marekani ilijitoa kwenye mazungumzo ya mkataba wa kodi wa Umoja wa Mataifa Februari 2025.

Mkataba huo ndio uwanja wetu. Ulisukumwa na kundi la nchi za Afrika, mazungumzo yanatakiwa kumalizika 2027, na duru ya Novemba 2025 ilifanyika Nairobi. Ndani yake kuna ahadi ya kushughulikia kodi ya watu wenye utajiri mkubwa sana. Tunachopaswa kudai pale si kiwango tu, bali mgao: sehemu ya makusanyo iende kwenye mfuko wa pamoja kabla haijaingia hazina ya nchi yoyote.

Njia iliyo karibu zaidi ni tozo za safari za anga. Ufaransa inatoza tiketi tangu 2006 na sehemu ya fedha hizo inaendesha Unitaid, inayogharamia dawa za UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Kenya, Ufaransa na Barbados zinaongoza kikosi cha tozo za mshikamano kilichoundwa COP28, mkutano ule wa tabianchi wa Dubai, na Juni 2025 mjini Sevilla kundi la nchi, Kenya ikiwemo, zilitangaza kushirikiana kuelekea kutoza wasafiri wa daraja la juu na ndege binafsi. Tozo hii inakusanywa ndege inapoondokea, si anapoishi tajiri. Hiyo ndiyo tofauti yake na kodi ya Zucman, na kwa nchi ya watalii kama yetu ni tofauti kubwa.

Mizania

Mama, nakubaliana kuhusu mgao. Narudi nyumbani na pingamizi mbili za mwisho.

Kwanza, kuhama. Norway ina kodi ya utajiri tangu 1892, na sasa ni asilimia 1.0 hadi 1.1. Walipoipandisha 2022 baadhi ya matajiri wakubwa walihamia Uswisi. Uswisi yenyewe inatoza utajiri, tena kila jimbo kwa kiwango chake, ila haitozi faida ya mtu binafsi anayeuza hisa. Mtaji unachagua. Wetu watachagua Dubai, na mfumo wa nchi kubadilishana taarifa za akaunti za benki ulioanza 2017 hauhusishi nyumba. Kwa hisa na fedha hoja hii ni nzito. Kwa ardhi, nakiri, haina meno.

Pili, mwenye jengo atamrushia mpangaji. Bei ya kupanga fremu ya duka Kariakoo itapanda.

Mthamini

Kwa sehemu ya jengo, ndiyo, inaweza kurushwa baada ya muda, kwa kuwa kodi ikipunguza ujenzi fremu zinapungua. Kwa sehemu ya kiwanja ni vigumu. Mwenye fremu Kariakoo tayari anatoza kiasi cha juu ambacho soko linabeba. Angeweza kuongeza angeshaongeza jana. Kodi ya kiwanja haipunguzi idadi ya viwanja. Ndiyo sababu nimeweka kiwango cha kiwanja juu ya kile cha jengo. Na mwenye ekari tupu anayesubiri bei ipande ataanza kujenga au kuuza, fremu zikaongezeka.

Pingamizi linaloninyima raha mimi hamjaligusa bado. Kariakoo na Upanga kuna nyumba za urithi. Familia iko kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, mabati yameota kutu, kipato cha ndani ni genge na kodi ya vyumba viwili. Kiwanja kina thamani ya bilioni 1.2. Kwa hesabu yangu wanadaiwa milioni 2.1 kwa mwaka ambayo hawana, na nje ya mlango dalali anasubiri. Kodi ya matajiri ikimng'oa bibi huyo tumejenga mashine ya kuwakabidhi wenye maghorofa viwanja vyake.

Suluhisho ni kuahirisha deni, bila kulifuta. Mkazi mwenyewe, mtu na si kampuni, anayeishi pale na hana kiwanja kingine chenye kufikia kizingiti, anajaza fomu mara moja. Deni linaandikwa kwenye hati, linakua kwa riba isiyozidi mfumuko wa bei, na linalipwa siku kiwanja kitakapouzwa au kujengwa ghorofa. Likigusa asilimia 20 ya thamani linasimama kukua. Kurithiana ndani ya familia kusihesabiwe kuwa ni kuuza, mradi mrithi anaishi pale. Udanganyifu utakuwepo, hasa wa mwekezaji kumwacha bibi kwenye hati huku mkataba wa ubia umekwisha kusainiwa kwa wakili. Kwa hiyo siku kibali cha ujenzi wa ghorofa kinapoombwa halmashauri, mfumo usitoe kibali mpaka deni lote lililoahirishwa limelipwa, na alipe aliyeomba kibali.

Mtoa mada

Mthamini, kwa njia hiyo naikubali ardhi na majengo kuwa mwaka wa kwanza. Hisa siziachi. Viongozi wa umma tayari wanajaza tamko la mali kila mwisho wa Desemba kwenda Sekretarieti ya Maadili, kwa hiyo fomu ya kuorodhesha hisa, nyumba, magari na madeni ipo, na kuna watu wanaojua kuihakiki. Ianze kwa wenye mali ya zaidi ya bilioni 20, taarifa tu bila kodi kwa miaka miwili, ili TRA ijue kuna nini kabla Bunge halijapanga kiwango. Wakili, naomba uandike rasimu ya kifungu cha bajeti isiyoshuka tuiweke hapa ijadiliwe neno kwa neno.